Kabla hujaanza tiba ya mtandaoni, tafuta kwanza pa kuongelea

Watu wakiniuliza kuhusu kuongea na mwanasaikolojia kwa simu huwa wanaanza na bei, afu wanauliza ni mwanamke au mwanaume, na mimi huwa nawarudisha nyuma, nauliza hiyo saa moja utakuwa umekaa wapi? Kwasababu hapo ndo nilipokwama mimi wiki tatu za mwanzo. Nilikuwa nimepanga chumba Mbagala, zile nyumba za korido katikati, ukuta haujafika juu, jirani akikohoa unamsikia kama mko wote kitandani. Nimevaa hedifoni najua niko salama, kumbe hedifoni inaficha sauti ya mtaalamu tu, ya kwako wanaisikia wote. Basi kila nikiulizwa jambo la maana najibu ndio, hapana, niko sawa, na hela nimeshalipa.

Kwa hiyo tafuta sehemu kwanza. Gari la mtu lililopaki linafaa sana, stoo ya duka, ofisini watu wakishatoka, kwa shangazi mchana watoto wakiwa shule. Ukikosa kabisa kaa chumbani, weka redio au feni upande wa mlango, sio karibu na simu, na wewe ukae kona ya mbali. Kama unayeishi nae ndo huyo huyo unayetaka kumuongelea, mwambie mtaalamu mapema kwa meseji, mkubaliane neno moja ambalo ukilitamka anajua kuna mtu kaingia, mnahamia kwenye stori za kawaida. Na tiba ya kuchati inaacha maandishi kwenye simu, kwahiyo kama mwenzio anajua paswedi yako ibadilishe kabla, au chagua kupiga.

Mambo ya bando sio madogo. Vidio ya saa moja inaweza kula zaidi ya MB 500, sauti peke yake inakula kidogo sana, na hakuna aibu kumwambia leo tuongee sauti tu. Mimi bando liliwahi kukata katikati ya kulia, nikabaki nashangaa skrini, sijui nipige mimi au nisubiri, siku nzima ikawa mbaya. Siku ya kwanza kabisa ulizeni: ikikatika nani anampigia mwenzie, kwa namba ipi, na zile dakika zilizopotea inakuwaje. Uliza pia ukiahirisha unatakiwa utoe taarifa saa ngapi kabla, maana wengi wanataka saa 24, chini ya hapo unalipa.

Sasa mtaalamu mwenyewe. Mtu yeyote anaweza kufungua akaunti Instagram akajiita mshauri nasaha, kwahiyo muulize bila woga amesomea nini, chuo gani, ameshughulika na watu wenye shida kama yako kwa muda gani, na yeye akikwama anamuuliza nani. Mtaalamu wa kweli hakasiriki kuulizwa. Anayekuahidi utapona kwa siku mbili, anayeposti meseji za wateja wake hata kama kaficha majina, anayeanza kukusifia uzuri, achana nae. Na usichanganye mwanasaikolojia na daktari wa magonjwa ya akili, wa pili ndo anaandika dawa, wengine wanahitaji wote wawili. Kwa ndugu zetu walioko Marekani, kule leseni zinatolewa kwa jimbo, kwahiyo mtaalamu atataka kujua uko jimbo gani kabla hajakupokea, sio umbea.

Hata huku ataanza kwa kukuuliza uko wapi sasa hivi, na atataka namba ya mtu wako wa karibu. Usidanganye. Yuko mbali, ukizidiwa hawezi kuinuka kwenye kiti akakushika, ile namba ndo mkono wake. Toa namba ya mtu unayemuamini na umwambie mtu huyo kabla, sio apigiwe ghafla usiku. Muombe pia mtaalamu akueleze siri inaishia wapi: kwa kawaida inaishia pale wewe au mtu mwingine yuko hatarini, au mtoto anaumizwa. Uliza kama anarekodi na maelezo yako anayatunza wapi, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, una haki ya kuuliza.

Wengine watakupa PHQ-9, fomu ya kupima sonona, maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, usingizi, hamu ya kula, moyo kukosa furaha, na jumla inaanzia 0 hadi 27. Sio mtihani, usijipunguzie ili uonekane mzima. La tisa linauliza kama umewaza kufa au kujiumiza, watu wengi hapo wanaweka sifuri haraka haraka wakiogopa. Jibu ukweli. Anauliza ili apime hatari mjue mnafanyaje. Ila kama unahisi utajidhuru leo, usisubiri miadi ya Alhamisi, mwambie mtu aliye karibu akupeleke hospitali, au piga 112, namba ya dharura hapa Tanzania. Kwa mtoto kuna 116, ni bure. Na anayesikia sauti wengine hawazisikii, aliyekesha siku kadhaa bila usingizi, au aliyeacha pombe ghafla anatetemeka, huyo aende hospitali kwanza, simu ije baadae.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni shikamoo. Mtaalamu wangu alikuwa mama mtu mzima, nikamsalimia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, na hapo hapo mdomo ukafungwa kwa adabu. Nilikuwa nina hasira na mama yangu mzazi aliyefariki, sasa unaanzaje kumsema marehemu mbele ya mama mwingine? Nilizunguka nikizungumzia kazi mpaka siku moja nikamwandikia meseji usiku, mistari minne tu, nikasema kesho nikianza kuongelea kazi nikumbushe hii. Akanikumbusha. Ndo siku tiba ilipoanza. Kwahiyo kama umri, dini au kabila la mtaalamu linakubana, mwambie, au andika kabla, au omba mwingine, wala haumkosei heshima. Kikao cha kwanza chenyewe huwa ni maswali mengi ya historia, unaweza kutoka hujapata kitu, jipe vitatu vinne ndo uamue.

Alafu acha nusu saa baada ya kukata simu. Ukienda kwa mtaalamu ana kwa ana kuna ile njia ya kurudi, unapoa kwenye daladala, kwenye simu hamna, unabonyeza tu na mtoto anagonga anataka uji. Mimi naenda kuchota maji bombani hata kama ndoo imejaa, na nyumbani nimeshawaomba siku hiyo wasiniulize tumeongea nini, nikitaka nitasema mwenyewe.