Jinsi ya Kuomba Cheti cha Kimataifa cha Mikrobiolojia, M(ASCPi)

Cheti hiki hutolewa na Bodi ya Vyeti ya ASCP, chama cha patholojia ya kliniki cha Marekani, kwa wataalamu wa maabara walioko nje ya nchi hiyo. Hakichukui nafasi ya leseni ya nyumbani: Tanzania bado unahitaji usajili wa Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, na Kenya ule wa KMLTTB, bodi ya wataalamu wa maabara za tiba.

Anza kwa kujipima sifa, maana ada ya maombi hairudishwi. Njia inayowafaa wengi inataka shahada ya kwanza yenye masomo ya kutosha ya biolojia na kemia, pamoja na mwaka mmodi wa kazi ya muda wote katika maabara ya mikrobiolojia, ndani ya miaka 5 iliyopita. Uzoefu huo uwe wa bakteriolojia, na juu yake angalau maeneo mawili kati ya haya: mikobakteria (kundi la vijidudu vya TB), virusi, vimelea, fangasi, au mikrobiolojia ya molekuli. Kama mwaka mzima umeotesha mkojo tu, omba kwanza uhamishiwe benchi (sehemu ya kazi maabarani) la TB na la vimelea, ndipo ujaze fomu.

Fungua akaunti kwenye tovuti ya ASCP, jaza maombi, lipa kwa kadi. Andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Cheti cha chuo kikisema Juma H. na pasipoti ikisema Juma Hamisi, shughulikia tofauti hiyo mapema. Mlangoni pa chumba cha mtihani hakuna mjadala.

Nyaraka za uzoefu ndizo zinazohitaji umakini kuliko zote. Fomu ya uzoefu hujazwa na kusainiwa na msimamizi wako, na huambatana na barua iliyo kwenye karatasi yenye nembo ya taasisi, ikithibitisha kwamba ni yeye aliyeijaza. Mkumbushe aweke tarehe na saini kwenye zote mbili, na aitaje kila benchi ulilofanyia kazi. Barua ya jumla ya "mfanyakazi hodari" haisaidii kitu.

Ukikubaliwa, una miezi 3 ya kufanya mtihani katika kituo cha Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani ya kompyuta. Tafuta nafasi siku hiyohiyo. Ukichelewa unaweza kukosa tarehe ndani ya muda wako.

Mtihani una maswali 100 kwa saa 2 na nusu, na kompyuta hupandisha ugumu kadiri unavyopatia. Alama ya kufaulu ni 400, kwa kipimo maalumu cha alama, si idadi ya majibu sahihi. Jifunze sababu, usikariri majina. Kwa mfano, agari ya Mueller-Hinton, jeli ya kuoteshea bakteria ili kupima dawa, inatakiwa iwe na unene wa milimita 4 hivi, na wingi wa bakteria ulingane na McFarland 0.5, kipimo cha ukungu wa kimiminika chao. Agari ikiwa nene, au bakteria wakizidi, duara lisilo na bakteria kuzunguka diski ya dawa hupungua, na bakteria anayeuawa na dawa anaonekana sugu. Vilevile koloni za njano kwenye TCBS, agari ya kuotesha vibrio, zinaashiria Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, lakini hazitoshi kutangaza kipindupindu: fuata kipimo cha kimeng'enya cha oksidezi, kisha seramu ya kutambua aina ya O1. Viwango vya usugu visome kwenye CLSI, mwongozo wa Marekani, hata kama maabara yako inatumia EUCAST, ule wa Ulaya.

Matokeo ya awali huonekana kwenye skrini ukimaliza. Ukifeli, unaomba upya na kulipa tena. Ukifaulu, cheti hudumu miaka 3, kwa hiyo anza mara moja kutunza ushahidi wa kila mafunzo ya kazini. Ndio utakaotumia kukihuisha.