Usimfanye mtoto mkalimani wa machungu yenu
Wakimbizi wenzangu wazazi hapa Uganda, mlioko kwenye makazi ya Nakivale, Kyaka II, Kyangwali na hata mlioko Kampala: kwenye lugha watoto wametuacha mbali. Wanasoma kidogo tu, tayari wanaongea Kiingereza na Luganda au Runyankole, na sisi bado tunababaika. Basi kila mahali tunaongozana nao watutafsirie.

Sokoni sawa, bei ya nyanya haimdhuru mtu. Ila kwa daktari, au kwenye mahojiano ya ukimbizi, tafadhali msiwatumie. Mtoto wa miaka 10 anatakiwa aseme kwa kinywa chake jinsi baba yake alivyouawa kule Kivu, Kongo, au mama alivyotendewa na wenye silaha. Mwenye kalamu anaandika, hajaelewa vizuri, anauliza tena, na mtoto anayarudia yote. Usiku akikojoa kitandani au akipiga kelele usingizini, mnamgombeza wa nini?

Omba mkalimani mtu mzima mapema, kabla ya siku ya miadi. Kwenye mahojiano ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, mama anaweza kuomba mkalimani mwanamke. Kliniki ikikosa mtu, muulize mhudumu wa afya wa kijiji chenu, wale tunaowaita VHT.

Kama mtoto ameshayasikia hayo machungu, usimwambie asahau (hasahau, ananyamaza tu). Mwambie, "Yale ni mambo ya wakubwa, wewe huna kosa," umwache akacheze mpira. Ndoto mbaya zikiendelea kwa wiki kadhaa, au akigoma kula na kwenda shule, mpeleke kituo cha afya.