Namna ya Kulinganisha Kamongo na Sangara

Anayetaka kuwalinganisha kamongo na sangara, ambao Waganda huwaita mmamba na mputa, na aanzie mwaloni alfajiri mitumbwi inaporudi, iwe Ggaba au Kasenyi nchini Uganda, kwa sababu tofauti ya kwanza huonekana kabla kisu hakijashikwa: sangara hufa muda mfupi baada ya kutolewa majini, ilhali kamongo huendelea kuwa hai nchi kavu kwa saa nyingi. Napendekeza suala hili la pumzi litangulie mengine yote, kwani ndilo linaloeleza kila samaki anaishi wapi.

Inua kifuniko cha matamvua cha sangara, utaona matamvua makubwa mekundu yanayochuja oksijeni iliyomo majini. Akipasuliwa, chini ya uti wa mgongo kuna mfuko wa hewa, ule ambao wafanyabiashara huuita bondo na kuununua kwa bei kubwa. Kazi yake ni kumsaidia kuelea, wala hapumui kwa huo. Kamongo naye ana mapafu mawili ya kweli, na matamvua yake ni madogo mno kumtosheleza, hivyo akishakua ni lazima apande juu mara kwa mara kuvuta hewa. Akinaswa na wavu chini asiweze kupanda, hufa maji, ingawa ni samaki. Kwa mapafu hayo huishi kwenye vinamasi vya mafunjo vyenye oksijeni haba, mahali ambapo sangara hawezi kudumu na ambapo samaki wadogo waitwao furu wamepata maficho dhidi yake.

Unapomchunguza kamongo aliye hai, weka vidole mbali na kinywa chake. Mabamba ya meno yanayosaga konokono pamoja na makombe yao hayashindwi na kidole cha mtu.

Katika vipimo, usitosheke na urefu. Wote wawili huweza kufikia takriban mita 2, lakini sangara wa kimo hicho hukaribia kilo 200, na kamongo mkubwa kabisa huwa na kilo 17 hivi; kwa hiyo pima urefu, uzito na unene wa kiwiliwili kwa pamoja. Linganisha pia walio katika rika moja, maana sangara mdogo hula uduvi na wadudu, na mkubwa hula samaki wenzake.

Mapezi yanahitaji utulivu zaidi. Sangara ana pezi la mgongoni lenye miiba migumu na mkia wa mviringo, hali kamongo ana mapezi membamba kama kamba, jozi mbele na jozi nyuma, na mkia uliochongoka. Jozi hizo mbili zinazoning'inia zisidharauliwe, kwani katika mti wa ukoo wa viumbe kamongo yuko karibu zaidi na chura, ndege na mwanadamu kuliko alivyo karibu na sangara. Mimi huona hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika ulinganisho huu, na neno moja la "samaki" hulifunika.

Kuhusu uzazi, sangara jike hutaga mayai kwa mamilioni na kuyaacha yaelee, ilhali kamongo dume hulinda kiota na watoto, ambao mwanzoni huwa na matamvua ya nje yaliyo kama manyoya.

Andika pia asili yao. Kamongo ni mwenyeji wa Ziwa Viktoria tangu kale. Sangara alizuiliwa na maporomoko ya Murchison kwenye Mto Nile, akaishi Ziwa Albert na Nile ya chini, hadi watu walipomhamishia maziwa ya Kyoga na Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960.

Ukitaka kulinganisha ladha, waulize kwanza wenyeji wako ukoo wao, kwa kuwa Waganda wa ukoo wa Mmamba hawamli kamongo, naye hapaswi kuingizwa jikoni mwao bila ruhusa.