Taa ya difloki inapepesa na haitulii: tafuta hitilafu kabla ya kununua mota

Taa ya difloki ya kati (kufuli linalofanya shafti ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja) ikipepesa bila kutulia kwenye gari kama Prado, wengi hukimbilia kununua mota ya transfa, yaani boksi linalogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma. Subiri kwanza. Taa inayopepesa inasema jambo moja tu: amri imetoka, lakini kompyuta haijapata taarifa kwamba kazi imekwisha. Ubovu waweza kuwa kwenye mota, waya, au swichi ndogo inayopeleka taarifa hiyo. Na pengine hakuna ubovu wowote.

Kama ulifunga difloki ukaendesha kwenye lami, shafti hujikaza na meno hayaachiani. Nyoosha usukani, rudi nyuma mita chache, kisha songa mbele. Taa ikizima, tatizo lilikuwa hilo tu. Majaribio yote ya kuendesha yafanye kwenye udongo au changarawe.

Taa isipowaka kabisa, angalia fyuzi na swichi ya dashibodi. Pima pia betri: injini ikiwa imezimwa iwe karibu volti 12.6.

Kabla ya kuingia chini ya gari, weka mawe mbele na nyuma ya matairi. Transfa ikiwa N (huru), gia ya P haiizuii gari hata kidogo.

Mwenzako awashe swichi ya ufunguo hadi ON na abonyeze kitufe cha difloki, wewe utege sikio kwenye transfa. Ukisikia mota ikikoroma kwa sekunde moja au mbili, inazunguka. Nenda kwenye swichi ya taarifa. Ikiwa kimya, shughulika na umeme.

Chomoa konekta ya mota uitazame vizuri kwenye mwanga. Unga wa kijani kwenye pini ni dalili kwamba maji yameingia. Safisha, rudisha konekta mahali pake, kisha pima ikiwa imechomekwa, kwa kupenyeza pini nyembamba upande wa nyuma zinakoingilia nyaya. Ukipima imechomolewa utadanganyika mara mbili. Kwanza, kwenye magari mengi nyaya za taarifa hupita konekta hiyohiyo, na kompyuta isipojua mota imesimama wapi huenda isitoe umeme. Pili, maltimita hutumia mkondo mdogo sana, hivyo waya uliobakiwa na uzi mmoja utaonyesha volti 12 kamili, lakini mota ikianza kuvuta unaishiwa nguvu.

Nyaya mbili nene ndizo za mota. Mwenzako akibonyeza, zisome volti 11 au zaidi. Akibonyeza kutoa, alama igeuke kuwa hasi, maana mota hurudi kwa kugeuziwa umeme. Ukiona 7 au 8, kuna waya au erthi mbovu. Mota ikiwa inavuta, weka ncha moja ya maltimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa erthi wa kompyuta: isizidi volti 0.2. Kisha fuata nyaya kwa mkono, hasa zinapopita juu ya gia boksi, zinapokaribia ekzosi na zinaposugua chesisi.

Volti zikiwa nzuri na mota bado kimya, weka alama ilipokaa shafti yake, kisha ifungue. Ilishe kutoka kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 10, kwa kugusisha sekunde moja tu, halafu geuza nyaya irudi. Usiishikilie ikishafika mwisho, koili itaungua. Nyaya nyembamba, zile za taarifa, usiziguse kwa volti 12 kamwe. Mota ikizunguka ukiwa umeishika mkononi lakini ikagoma kwenye transfa, huenda shafti ya foki (uma unaosukuma meno ya difloki) imeshika kutu. Hapo kazi ni ya spana, na mota mpya nayo itagoma vilevile.

Swichi ya taarifa imefungwa kwenye bodi ya transfa, ina kigololi mbele. Ifungue, ukijua mafuta kidogo yatadondoka. Bonyeza kigololi kwa dole gumba: nyingi husoma chini ya omu 1 kikiwa ndani, na njia hukatika kikitoka. Kigololi kilichoganda au kulika ndicho hufanya taa ipepese ilhali difloki imeingia sawasawa. Swichi hii ni bei ndogo kuliko mota, na ndiyo husahaulika zaidi.

Ukirudisha, weka oringi (mpira wa kuziba) mpya kwenye mota, kaza, ongeza mafuta yaliyopungua, kisha funga na kufungua difloki mara tano kwenye udongo ukienda polepole.