Kumpima Metali Nzito Mtoto Mwenye Usonji: Kipimo Kipi, Lini, na Namna ya Kusoma Majibu

Mtoto mwenye usonji hupimwa risasi, metali nzito yenye sumu, kwa sababu ya kinywa chake. Watoto wengi huacha kutia kila kitu mdomoni wakikaribia miaka 3. Mwenye usonji anaweza kuendelea mpaka miaka 8 au 12, akilamba vioo, akitafuna ukingo wa dirisha, akila udongo, au akibandua rangi ya ukuta na kuimeza. Ratiba za kawaida za upimaji hulenga mtoto wa mwaka 1 na wa miaka 2, kwa hiyo humwacha nje wakati hatari yake iko palepale. Apimwe hata kama umri wa ratiba umepita, na arudie angalau kila mwaka maadamu bado anakula visivyoliwa.

Kipimo hueleza kama sumu inaingia mwilini na kwa kiasi gani. Hakielezi usonji ulitoka wapi. Risasi hudhuru akili na usikivu wa mtoto yeyote, hivyo kuizuia kuna faida kubwa, lakini mtoto ambaye risasi imemtoka atabaki na usonji wake. Vivyo hivyo kwa zebaki: thiomersali, kihifadhi chenye zebaki ambacho wapo wanaodai kilileta usonji, iliondolewa kwenye chanjo za watoto Denmark mwaka 1992, na Marekani ikatolewa katika karibu chanjo zote za kawaida za watoto wadogo kufikia 2001, na idadi ya watoto wanaobainika kuwa na usonji iliendelea kupanda.

Anza nyumbani, si maabara

Pita nyumba nzima ukiwa umepiga magoti, macho yakiwa kwenye kimo cha mtoto. Andika anapolamba, anachotafuna na mahali anapopenda kukaa. Tazama fremu za madirisha na milango kwanza, kwa kuwa msuguano wa kufungua na kufunga husaga rangi ya zamani ikawa vumbi lisiloonekana. Kisha angalia vyombo vya udongo vilivyong'arishwa, sufuria zilizosubuliwa kwa vyuma chakavu, wanja, dawa za asili za unga, na viungo vyenye unjano mkali kupita kiasi, maana wapo wanaovitia kromati ya risasi ili vipendeze. Neno lenyewe la Kiswahili linatukumbusha vyanzo vingine: risasi za bunduki na vizito vya ndoano za kuvulia. Uliza pia nani humo ndani anashughulika na betri, rangi, kuchomelea au kuyeyusha vyuma, maana vumbi huja na nguo na viatu vya kazi.

Zebaki hutafutwa kwenye krimu za kung'arisha ngozi, kipimajoto kilichovunjika, uchomaji wa dhahabu na ulaji mwingi wa samaki wakubwa walao wenzao. Aseniki hutafutwa hasa kwenye maji ya visima.

Orodha hiyo ndiyo itakayoamua nini kipimwe. Usikubali kifurushi cha metali 20 "kwa usalama". Wigo wa kawaida wa maabara, yaani mipaka ya chini na ya juu ya jibu, kwa desturi hukusanya watu 95 kati ya 100 wenye afya. Ukipima vitu 20 kwa mpigo, tarajia kimoja kitoke nje ya wigo hata kwa mtoto asiye na tatizo lolote, na hapo ndipo safari ya matibabu yasiyohitajika huanzia.

Kipimo kinachofaa kwa kila metali

Risasi hupimwa kwenye damu, na damu ya mshipa ndiyo ya kuaminika. Tone la kidole linafaa kwa uchunguzi wa awali tu, kwa sababu vumbi lililo kwenye ngozi huingia ndani ya tone na kupandisha jibu. Likitumika, mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha isishike kitu. Pamba ya spiriti peke yake haiondoi risasi. Jibu la kidole likiwa juu, lithibitishwe kwa damu ya mshipa kabla ya kuamua lolote.

Kumbuka kwamba damu huonyesha zaidi yaliyotokea majuma machache yaliyopita. Nusu ya risasi iliyomo damuni huondoka kwa takriban mwezi mmoja, na sehemu ya risasi iliyoingia mwilini hujificha mifupani kwa miaka mingi. Jibu la chini leo halifuti rangi aliyokula miaka miwili nyuma.

Zebaki itokanayo na samaki hupimwa kwenye damu, ile ya krimu au ya mvuke kwenye mkojo. Aseniki hupimwa kwenye mkojo, na mtoto asile samaki, kamba, kaa wala mwani kwa siku 4 hivi kabla yake, la sivyo aseniki isiyo na madhara iliyomo kwenye viumbe hao itavuruga jibu. Ikitoka juu, omba maabara itenganishe aina zake. Mkojo wa mara moja usomwe pamoja na kreatinini (taka ya mwili inayoonyesha mkojo ni mzito kiasi gani), kwa sababu mkojo mzito hupandisha namba zote. Kama mtoto alipigwa picha ya MRI kwa dawa yenye gadolini, subirini angalau saa 96, kwani dawa hiyo huingilia mashine za kupima metali.

Vipimo viwili vikataeni. Cha kwanza ni cha nywele: shampuu, vumbi na maji ya kuogea hubadilisha majibu, na sampuli moja ikigawanywa kwa maabara mbili inaweza kurudi na majibu yasiyofanana. Cha pili, chenye madhara zaidi, ni mkojo wa kuchochea. Mtoto hupewa dawa ya kunasa metali, mfano DMSA, kisha mkojo wake hukusanywa kwa saa kadhaa. Dawa hiyo humtoa metali mtu yeyote, kwa kuwa kila mwili una kiasi kidogo. Halafu jibu hulinganishwa na wigo wa watu ambao hawakupewa dawa, na karatasi hurudi imejaa rangi nyekundu. Chama cha madaktari bingwa wa sumu cha Marekani kilishatamka kwamba kipimo hiki hakijathibitishwa kisayansi. Ukiona karatasi ya majibu ya mkojo, swali la kwanza liwe: alipewa dawa gani kabla?

Siku ya kutoa damu

Hapa ndipo mipango mingi huvunjika. Omba nafasi ya kwanza asubuhi ili kusiwe na foleni. Siku tatu nne kabla, mwonyeshe kwa picha hatua zote kwa mpangilio: kiti, kamba ya mkono, sindano, plasta, kisha kitu anachokipenda. Usimdanganye kwamba haitauma. Mtoto anayeshika maneno kama yalivyo hatakuamini tena.

Krimu ya ganzi ya lidokaini na prilokaini ipakwe kwenye mikunjo ya viwiko vyote viwili na kufunikwa kwa dakika 60. Dakika 20 hazitoshi, na hilo ndilo kosa la kawaida. Ifunikwe vizuri asije akailamba, na kiasi kifuate uzito wake. Anywe maji ya kutosha ili mishipa ionekane. Sauti zikimkera, avae vifunika masikio. Mtu mmoja tu azungumze naye. Kama majaribio mawili yameshindikana, acheni, mpange siku nyingine; kumkandamiza watu wanne kutafanya kila kipimo kijacho kiwe vita.

Chupa iwe imethibitishwa kuwa haina metali, kwa kawaida yenye kifuniko cha buluu iliyokoza. Kwa sindano hiyohiyo, omba kipimo cha hemoglobini (kibeba oksijeni cha damu) na cha feritini (akiba ya madini ya chuma). Upungufu wa madini ya chuma huongeza ufyonzaji wa risasi, na wenyewe huweza kumfanya mtoto atamani udongo.

Kusoma majibu ya risasi

Tazama kipimio, yaani maneno yanayofuata namba, kabla ya namba yenyewe. Mikrogramu 35 kwa lita ni sawa na 3.5 kwa desilita, na ni sawa na 0.17 mikromoli kwa lita. Wazazi wamewahi kutishwa na 35 ambayo kumbe ni 3.5. Hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama. Marekani hutumia 3.5 kwa desilita kama alama ya kuchukua hatua tangu 2021. Shirika la Afya Duniani linasema chanzo kitafutwe kuanzia 5. Kipimo cha mshipa hurudiwa hivi, kwa mikrogramu kwa desilita:

- 3.5 hadi 9: baada ya miezi 3
- 10 hadi 19: mwezi 1 hadi 3
- 20 hadi 44: wiki 2 hadi mwezi 1
- 45 na zaidi: upesi iwezekanavyo, chini ya uangalizi wa daktari anayezijua sumu

Ukijua amemeza kipande cha risasi, usingoje damu. Asidi ya tumbo huiyeyusha. Eksirei ya tumbo ipigwe siku hiyohiyo. Mtoto anayetapika mfululizo, kusinzia kupita kawaida au kupata degedege apelekwe hospitali mara moja.

Baada ya jibu la juu

Tiba ni kuondoa chanzo. Futa sakafu na madirisha kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Ufagio mkavu hurusha vumbi hewani likatua tena. Usikwangue wala kupiga msasa rangi ya zamani. Kwa muda, funika ukingo anaoutafuna kwa ubao au karatasi nene yenye gundi. Kumkataza peke yake hakufui dafu: anahitaji kitu mbadala cha kutafuna, mfano kitafunio cha silikoni chenye ugumu unaokaribia ule anaoutafuta, kining'inizwe shingoni kwa kamba inayoachia ikivutwa. Upungufu wa madini ya chuma au kalisi urekebishwe kwa dozi atakayopanga daktari.

Dawa za kunasa metali huanza kufikiriwa kwenye 45 na zaidi, tena baada ya mtoto kutolewa kwenye chanzo, na damu hupimwa tena baadaye kwa sababu mifupa hurudisha risasi. Kuzitumia kutibu usonji ni hatari tupu. Mwaka 2005, huko Pennsylvania, mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alikufa baada ya kupewa EDTA ya disodiamu, dawa ya kunasa metali isiyo na kalisi. Dawa hiyo hufyonza kalisi ya damu na moyo husimama. Jina lake linakaribiana mno na la EDTA yenye kalisi inayotumika kwa risasi.

Namba ikipanda tena wakati nyumba imesafishwa, kuna chanzo kimerukwa: anza upya na ile orodha, safari hii ukijumuisha shule, nyumba ya bibi na gari. Wadogo zake, na mama akiwa mjamzito, wapimwe ndani ya wiki hiyohiyo.