Kabla hujasimama kwenye banda Munyonyo: maneno kwa wakala mdogo wa safari

Maonyesho ya utalii ya Pearl of Africa, yanayoandaliwa na Bodi ya Utalii ya Uganda, yanamfaa mno wakala mdogo wa Kampala. Mnunuzi wa Ulaya au Marekani, yaani kampuni inayonunua safari zako ili iwauzie wageni wake, anakuja mwenyewe hadi Munyonyo, hapa hapa Kampala. Wewe hulipi tiketi ya Berlin wala hoteli ya London. Inaniuma ninapoona wenzangu wanamaliza pesa kwenye bango na fulana, halafu mnunuzi akiketi na kuuliza bei, wanaanza kupigia ofisini. Bango dogo linatosha. Anza na bei.

Tayarisha karatasi moja ya bei ya wakala, yaani bei ambayo mnunuzi ataongeza faida yake juu yake. Iwe kwa dola, ionyeshe kila mtu analipa ngapi wakiwa wawili, wanne au sita garini, na iseme itatumika hadi lini. Kibali cha kutembelea gorila kiandike peke yake, usikizike ndani ya jumla. Tangu Julai 2024 mgeni wa kutoka nje analipa dola 800, na raia wa Afrika Mashariki shilingi 300,000 za Uganda. Mnunuzi mzoefu anazijua bei hizo. Akiona umeziweka wazi, ataziamini na hesabu zako nyingine.

Halafu ijue Bwindi, msitu wa gorila wa kusini-magharibi mwa Uganda, kama kiganja cha mkono wako, maana hapo ndipo maswali yanapomiminika. Msitu una maeneo manne ya kuanzia: Buhoma kaskazini, Ruhija mashariki, Rushaga na Nkuringo kusini. Kibali kinatolewa kwa eneo maalumu. Ukimlaza mgeni Buhoma huku kibali chake ni cha Rushaga, atalazimika kuamka usiku na kupita barabara ya milimani kwa saa kadhaa ili awahi maelezo ya asubuhi. Chora ramani kwa mkono, weka nyumba za wageni unazozitumia karibu na kila eneo, uilaze mezani. Mnunuzi ataiinamia na kuanza kuuliza, na mazungumzo hayo yana faida kuliko brosha yoyote. Kumbuka pia kumwambia mapema kwamba kundi moja la gorila hutembelewa na wageni wanane tu kwa siku, kwa saa moja, na mtoto chini ya miaka 15 haruhusiwi. Familia yenye mtoto wa miaka 12 mpangie kitu kingine, kwa mfano simba wapandao miti kule Ishasha, katika hifadhi ya Queen Elizabeth.

Swali lingine halikosekani: kwa nini asipeleke wageni wake Rwanda? Usiiseme vibaya Rwanda. Kibali chao kwa mgeni wa kutoka nje ni dola 1,500. Mwache apige hesabu mwenyewe. Kisha mwonyeshe kwamba mgeni anaweza kutua Kigali, akavuka mpaka wa Rwanda na Uganda pale Cyanika, akafika Kisoro na Rushaga siku hiyohiyo, bila safari ndefu ya kutoka Entebbe. Wanunuzi wengi hulifurahia jambo hili, na sisi tunasahau kulisema kwa kuwa tumezoea kuanzia kila kitu Entebbe.

Usiwakimbilie Wazungu peke yao. Watafute mawakala wa Arusha, Mombasa na Nairobi. Wana wageni tayari Serengeti na Maasai Mara wanaotaka siku tatu za gorila mwishoni mwa safari. Hapo Kiswahili chako ni mtaji. Msalimie kwa heshima, "Shikamoo mzee" au "Habari za safari, dada", muulize biashara inaendaje msimu huu, kisha muafikiane kamisheni. Watu hawa hurudi mwaka hadi mwaka.

Miadi iombe mapema, na kabla ya kila mkutano soma mnunuzi anauza nini. Anayeuza safari za kutazama ndege wa porini hana haja na hotuba ya gorila. Mwelekeze kwenye kinamasi cha Mabamba, akaone korongo nyangumi (shoebill). Leseni na cheti cha AUTO (chama cha waendesha safari za utalii Uganda), kama wewe ni mwanachama, viwe karibu. Ongea kidogo, andika sana: nyuma ya kadi yake ya biashara andika alichouliza, mwezi wa wageni wake, na ulichomwahidi.

Jioni hiyohiyo, kabla hujalala, mtumie barua pepe. Usimwandikie "asante kwa kutembelea banda letu". Mwandikie alichouliza: kama ni vibali vya watu sita mwezi wa Agosti, ulizia Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, inayotoa vibali, nafasi zilizopo, umtumie maeneo na tarehe, bei ya jumla, na siku ya mwisho ya kulipa malipo ya awali.