Ukienda kuona mgonjwa wodi, beba uji lakini beba pia kaunta buku

Wengi wetu tukienda kuona mgonjwa tunabeba uji kwa thamosi na ndizi, tunaomba, tunarudi steji. Sawa tu, lakini kitu mgonjwa anahitaji sana ni mtu mmoja anayejua dawa zake na haogopi kuuliza. Nasema mmoja, si ile grupu ya WhatsApp ya familia yenye kila mtu ni daktari.

Mimi nilijua hii maneno siku mathe alilazwa na presha, hospitali sitaitaja. Kitanda cha pili kulikuwa na mama mwingine, yeye pia anaitwa Mary. Sista akaingia na sindano, akaita "Mary!", mathe akiwa nusu usingizi akaitika na akanyoosha mkono. Nikauliza tu, sista, hiyo ni ya nini? Ya sukari. Mathe hana sukari! Ilikuwa insulini ya jirani, na ukidungwa hiyo kama huihitaji sukari inashuka hadi unaweza kuzimia na hata kufa. Sista mwenyewe alishtuka kuliko mimi, maskini alikuwa anakimbiza wodi nzima peke yake.

Kwa hivyo anza na jina. Mgonjwa asiitike tu "ndio", aseme mwenyewe majina yote na mwaka aliozaliwa, kila mara, hata kama ni mara ya kumi leo, na kama hawezi kuongea wewe ndio useme na uangalie kile kitambaa cha mkono kimeandikwa nini. Mnakumbuka ile ya hospitali ya Kenyatta 2018, mtu akapasuliwa kichwa na mwenye damu iliyoganda ni mwingine? Majina yalichanganywa, na wakagundua wakiwa washafungua.

Alafu dawa, hapo ndio kuna kazi. Ile siku unampeleka, weka kila kitu anachokunywa kwa karatasi moja ubebe: za kliniki, za kemisti, mitishamba, hata ile poda jirani alimletea kutoka ushago. Usifiche mitishamba eti daktari atafoka, wacha afoke, juu zingine zinagongana na dawa za hospitali. Kama kuna dawa ilishawahi kumfura uso ama kumtoa vipele, sema mapema na uombe iandikwe mbele ya faili. Kwa kaunta buku andika jina la dawa, ni ya nini, ngapi, saa ngapi. Na ujue dawa moja inaweza kuwa na majina mawili, Panadol na paracetamol ni kitu kimoja, Brufen ni ibuprofen, ndio utapata mtu anameza mara mbili akidhani ni tofauti. Ikija tembe ya rangi mpya uliza kabla haijamezwa. Uliza kwa heshima lakini, "samahani sista, nisaidie kuelewa hii", ukianza na kelele utajibiwa na kelele.

Ukiambiwa "saini hapa" ya operesheni, usisaini kama hujaelezwa wanafanya nini, upande gani, kuna hatari gani na kuna njia ingine ama hakuna. Si ujuaji, Sheria ya Afya ya 2017 inakupa hiyo haki, na uelezwe kwa lugha unaelewa.

Kukiharibika, anza na sista mkuu wa wodi, alafu uandikie ofisi ya hospitali barua na ubaki na kopi iliyopigwa muhuri. Hawakusikii, kama ni daktari peleka malalamiko KMPDC, lile baraza linalosimamia madaktari Kenya. Hapo tarehe na masaa uliyoandika kwa kaunta buku yatakusaidia kuliko hasira.

Siku ya kutoka ndio watu hujisahau, mnawaza bili tu na teksi iko nje inangoja. Sisi tulipewa dawa mpya ya presha, na ile ya zamani bado iko nyumbani pakiti nzima. Nikiwa kwa dirisha la famasi nikauliza, hii anakunywa pamoja na ile? Yule kijana akaangalia karatasi, akampigia daktari, akarudi akasema ile ya zamani aache kabisa. Hakuna mtu alikuwa ametuambia.